Uwanja wa Nyumbani ni wa Nani? Maswali na Majibu ya Kudurusu kwa Watahiniwa wa Garsen na Tana River

Maswali haya yamekusudiwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu au cha Nne anayejiandaa kuandika insha ya maelezo kuhusu michezo. Mfano mkuu ni uga wa City jijini Nairobi, ambao Gor Mahia na AFC Leopards wameutumia kwa miongo mingi. Mifano ya kulinganisha imetoka Mombasa na Dar es Salaam, na Sehemu ya C inarejea kwetu Garsen. Ukidurusu, uwe na swali moja kichwani tangu mwanzo hadi mwisho: ardhi ni ya nani, na ufunguo wa lango anao nani? Tarehe za mechi zitajipanga zenyewe ukishalijibu hilo.

SEHEMU YA A: MASWALI MAFUPI

1. Uwanja wa nyumbani wa klabu ni nini? (alama 2)

Jibu: Ni uwanja ambao klabu imeusajili kwa wasimamizi wa ligi kuwa ndipo itakapowapokea wageni wake msimu huo. Kusajili si kumiliki. Klabu mbili zaweza kusajili uga mmoja, na klabu moja yaweza kuhama uga mara kadhaa katika msimu mmoja.

2. Uga wa City uko wapi, na uko chini ya nani? (alama 3)

Jibu: Uko kando ya Barabara ya Jogoo, mashariki mwa katikati ya jiji la Nairobi, karibu na mtaa wa Kaloleni na soko la Burma. Ulikuwa mali ya Baraza la Jiji la Nairobi, na ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 ukaingia mikononi mwa Serikali ya Kaunti ya Nairobi. Huchukua watazamaji wapatao 15,000.

3. Taja majina matatu ya zamani ya uga huo. (alama 3)

Jibu: African Stadium, Donholm Road Stadium na Jogoo Road Stadium.

4. Gor Mahia na AFC Leopards zilianzishwa lini? (alama 2)

Jibu: AFC Leopards ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya. Gor Mahia ilianzishwa mwaka 1968, na mwaka huohuo ikatwaa ubingwa wa ligi.

5. Taja nyuga mbili za taifa zilizojengwa Nairobi katika miaka ya 1980. (alama 2)

Jibu: Nyayo, uliofunguliwa mwaka 1983, na Kasarani, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987.

6. Shirika la Sports Kenya liliundwa kwa sheria gani, na lina kazi gani? (alama 2)

Jibu: Sheria ya Michezo ya mwaka 2013. Miongoni mwa kazi zake ni kusimamia nyuga za taifa, Nyayo na Kasarani zikiwemo.

SEHEMU YA B: MASWALI YA MAELEZO

7. "Majina ya uga wa City ni historia fupi ya Nairobi." Fafanua. (alama 6)

Jibu: Jina la African Stadium lilitoka katika jiji lililogawanywa kwa rangi. Chini ya ukoloni, Wazungu walikuwa na makazi yao, Wahindi yao, na Waafrika waliwekwa Eastlands, katika mitaa kama Kaloleni na Makongeni, karibu na reli na viwanda. Kiwanja chao kikawekwa huko huko. Aliyelitoa jina hilo ndiye aliyekuwa akipanga nani alale wapi na nani acheze wapi.

Jina la pili, Donholm Road, lilitokana na barabara inayopita hapo. Baada ya uhuru barabara ikabadilishwa na kuitwa Jogoo, na jogoo alikuwa alama ya chama tawala cha KANU. Uga nao ukaifuata barabara yake. Jina la City lilikuja kumtaja mwenye mali waziwazi, yaani baraza la jiji.

Katika majina yote hayo hakuna hata moja lililotokana na klabu. Gor Mahia, K'Ogalo kwa mashabiki wake, na AFC Leopards, yaani Ingwe, waliujaza uga huo wikendi baada ya wikendi, wakaupa kelele, nyimbo na sifa. Kwenye kibao cha lango jina liliendelea kuwa la mwenye nyumba. Mwanafunzi akilitaja hilo katika jibu lake, ameonyesha kwamba ameelewa swali.

8. Kwa nini klabu hizi kubwa mbili hazikujijengea nyuga zao? Toa sababu nne. (alama 8)

Jibu:
(a) Asili yake. Zilianza zikiwa klabu za watu waliotoka magharibi mwa nchi na kuja Nairobi kutafuta kazi. Wanachama wenyewe walikuwa wapangaji jijini. Ardhi ya Eastlands ilikuwa ya baraza, na baraza halikuwa na haja ya kuigawia klabu.

(b) Mapato. Kwa miaka mingi tegemeo lilikuwa kiingilio cha mlangoni. Katika fedha hizo hutolewa ada ya uga, gharama za usalama na malipo ya waamuzi. Kinachosalia huingia katika posho na usafiri. Na shabiki anayepenya bila tiketi huku akiimba kwamba anaipenda timu hana mchango wowote katika ujenzi.

(c) Uongozi wa kuchaguliwa. Uwanja huchukua miaka kujengwa, ilhali kiongozi wa klabu huhesabu kwa misimu. Aliyechaguliwa leo hupigiwa makofi kwa kumsajili mshambuliaji. Hakuna anayempigia makofi kwa kumlipa mpima ardhi.

(d) Udhamini usiodumu. Mdhamini hulipia jezi na mishahara, na huondoka anapotaka. Mwaka 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa ilijiondoa wakati wa mvutano wake na serikali kuhusu kodi na leseni, na klabu zote mbili zikabaki na shida ya mishahara. Klabu iliyo katika hali hiyo haina la kuzungumza na benki kuhusu mkopo wa majukwaa.

9. Kufunguliwa kwa Nyayo na Kasarani kulibadili nini? Taja mema na mabaya. (alama 8)

Jibu: Jema ni nafasi. Uga wa watu 15,000 haukuwa na uwezo wa kubeba debi ya Mashemeji, yaani pambano la Gor na Ingwe, wala mechi za bara. Nyayo ulichukua watu wapatao 30,000 na Kasarani wapatao 60,000. Tarehe 5 Desemba 1987, Gor Mahia walitoka sare ya 1–1 na Espérance ya Tunisia pale Kasarani. Kwa kuwa walikuwa wamepata 2–2 mjini Tunis, mabao ya ugenini yaliwapa Kombe la Washindi Afrika. Nahodha alikuwa Austin Oduor, na Peter Dawo ndiye mfungaji aliyetamba katika mashindano hayo. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara.

Baya la kwanza ni kwamba mwenye nyumba mpya alikuwa mkubwa zaidi na mbali zaidi. Uga wa taifa una sherehe za taifa, mikutano ya siasa na ya dini, na ratiba ya klabu huja mwisho.

Baya la pili ni usalama. Tarehe 23 Oktoba 2010, watu 7 walikufa katika mkanyagano pale Nyayo siku ya debi ya Gor na Leopards. Ukiliandika tukio hili, andika pia somo lake: lango huhitaji mtu anayewajibika kwalo, na wajibu hupotea pale klabu, shirikisho na mwenye uga wanapotazamana.

Baya la tatu ni ukarabati. Kenya ilipokonywa uenyeji wa michuano ya Afrika ya CHAN ya mwaka 2018 kwa sababu matayarisho ya nyuga yalichelewa, na michuano ikapelekwa Morocco. Mwaka 2024 nyuga za nchi zilikuwa hazijatimiza masharti ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, na timu ya taifa, Harambee Stars, ikacheza mechi zake za "nyumbani" Lilongwe, Malawi, kisha Namboole, Uganda. Mambo yalikaa sawa Agosti 2025, Kenya ilipoandaa CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, na fainali ikachezwa Kasarani.

10. Linganisha hali ya Gor Mahia na ile ya Bandari, Azam na Yanga kuhusu uwanja. (alama 9)

Jibu: Bandari ya Mombasa hucheza Mbaraki, uwanja wa Mamlaka ya Bandari Kenya, ambayo ndiyo inayoilea klabu. Hapa mpangaji ni mtoto wa mwenye nyumba. Faida yake ni utulivu: mazoezi na mechi za ligi hazitegemei huruma ya ofisi nyingine. Ila utulivu huo una mpaka. Bandari walipotwaa ngao ya shirikisho la soka la Kenya mwaka 2019 na kuingia Kombe la Shirikisho Afrika, mechi zao za nyumbani zilichezwa Kasarani, safari ya zaidi ya kilomita 480 kutoka kwa mashabiki wao.

Azam ya Dar es Salaam ni klabu ya kampuni tangu kuzaliwa. Iliingia ligi kuu mwaka 2008, ikajijengea uwanja wake Chamazi, wenye nafasi ya watu wapatao 10,000, na msimu wa 2013/14 ikawa bingwa bila kupoteza mechi. Haina umati wa Simba wala Yanga, lakini ratiba ya Chamazi inaipanga yenyewe.

Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ina umati na ina kiwanja cha zamani: Kaunda, pale Jangwani, jirani na jengo lake la makao makuu. Tatizo ni bonde la Msimbazi. Mvua kubwa zikinyesha, mto hufurika na kiwanja hugeuka bwawa, na timu imelazimika kufanya mazoezi kwingine kwa muda mrefu. Mechi zake kubwa huzicheza katika uwanja wa taifa ulioanza kutumika mwaka 2007, ambao sasa huitwa kwa jina la Benjamin Mkapa.

Hitimisho la kulinganisha: Gor wana umati bila ardhi, Azam wana ardhi bila umati, Bandari wanaishi kwa mzazi, na Yanga wana ardhi ambayo mto unaidai. Mtahiniwa wa Tana River asiupite mfano huu wa mwisho haraka.

SEHEMU YA C: GARSEN NA TANA RIVER

11. Historia ya uga wa Nairobi inamhusu vipi kijana wa Garsen? (alama 4)

Jibu: Garsen iko njia panda: barabara ya kutoka Malindi hufika hapa, moja ikaenda Witu na Lamu, nyingine Hola na Garissa. Uga wa karibu uliozoea ligi kuu ni Mbaraki, zaidi ya kilomita 200 kusini. Timu ya kwetu ikipanda daraja na kutakiwa kusajili uwanja wenye uzio, vyumba vya kubadilishia nguo na majukwaa, itakuwa katika hali ya Gor na Ingwe, tena mbali zaidi na nyumbani. Kaunti ina eneo bunge la Garsen, la Galole na la Bura, na watu 315,943 kwa hesabu ya mwaka 2019. Mashabiki wapo. Linalotakiwa kutangulia ni ardhi iliyoandikwa.

12. Taja na ueleze mambo manne ya kuzingatia katika kuchagua eneo la uwanja Garsen. (alama 8)

Jibu:
(a) Mafuriko. Mto Tana hutegemea mvua za nyanda za juu na maji ya mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua ikinyesha milimani na mabwawa yakijaa, maji hutufikia siku kadhaa baadaye, pengine chini ya anga lisilo na wingu. Mafuriko ya 1961, 1997–98, 2018 na 2023 yanakumbukwa na kila nyumba. Anayetaka kuchagua kiwanja awaulize wazee maji yalifika wapi miaka hiyo, kabla ya kumwita mhandisi.

(b) Udongo. Mfinyanzi wa delta huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Goti la mchezaji hulipia nyufa hizo. Bila tuta la changarawe na mifereji ya maji chini yake, nyasi hazidumu.

(c) Malka. Hizi ni njia na sehemu za mifugo kufikia mto, na kwa wafugaji wa Kiorma na Kiwardei ni uhai wenyewe. Uzio wa uwanja ukikata malka, ng'ombe watapita shambani mwa mkulima wa Kipokomo, na ugomvi utakuwa umejengewa ukuta. Mapigano ya mwaka 2012 na mapema 2013 yaliua watu zaidi ya 100, na chanzo kimojawapo kilikuwa mvutano wa ardhi, malisho na maji. Kikao cha wakulima na wafugaji hutangulia jiwe la msingi.

(d) Kufikika. Uwanja uwe karibu na barabara inayopitika mvua zikinyesha, la sivyo wageni watapewa ushindi wa mezani kwa sababu wenyeji hawakuweza kuandaa mechi.

13. Kisheria, uwanja wa mji kama Garsen ni jukumu la nani? (alama 5)

Jibu: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti shughuli za michezo na vifaa vyake. Kwa hiyo ombi la uwanja hupelekwa kaunti, na bajeti yake hupitishwa na bunge la kaunti pale Hola. Kuhusu ardhi, Katiba hutambua aina tatu: ya umma, ya jamii na ya mtu binafsi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Tana River ilikuwa ya amana chini ya baraza la kaunti la zamani. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wa jamii kusajili ardhi yake na kukubaliana kutenga sehemu kwa matumizi ya wote. Uwanja uliopimwa, ukatengwa na kusajiliwa kwa utaratibu huo una ulinzi. Uwanja unaotegemea kauli ya mwanasiasa jukwaani hauna.

14. Timu nyingi za vijijini hucheza katika viwanja vya shule. Je, viwanja hivyo viko salama? (alama 4)

Jibu: Viko salama ikiwa shule ina hatimiliki. Tarehe 19 Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirushiwa vitoa machozi walipoandamana kudai uwanja wao uliokuwa umezungushiwa ukuta. Baada ya tukio hilo serikali iliagiza shule za umma zipewe hati za ardhi. Ikiwa uwanja wa shule ya mjini Nairobi, mbele ya kamera, uliweza kunyemelewa, wa kijijini kando ya mto unahitaji hati zaidi, wala si kidogo.

SEHEMU YA D: KUANDIKA INSHA

15. Andika insha ya maelezo kuhusu mada: "Klabu bila uwanja ni mpangaji wa kudumu." Onyesha mpango wako. (alama 20)

Jibu: Katika karatasi ya Insha ya Kiswahili una maneno yapatayo 400, hivyo hoja 5 zinatosha.

Utangulizi: Taja uga wa City na klabu zake mbili, kisha useme msimamo wako.
Hoja ya 1: Mwenye ardhi ndiye mwenye jina na ratiba (swali la 7).
Hoja ya 2: Umati haujengi uwanja bila uongozi na mapato ya kudumu (swali la 8).
Hoja ya 3: Uga wa taifa hutoa nafasi lakini huondoa mamlaka (swali la 9).
Hoja ya 4: Kumiliki kunawezekana, lakini eneo baya huharibu umiliki (swali la 10).
Hoja ya 5: Tana River ianze na kikao, upimaji na hati (swali la 12 na la 13).
Hitimisho: Pima upande wa pili. Zipo klabu kubwa duniani zilizokodi: AC Milan na Inter zilikaa San Siro kwa miongo mingi uga ukiwa mali ya manispaa ya Milan. Kukodi hakuui klabu. Kinachoiumiza ni kukodi bila mkataba ulioandikwa na ratiba inayoheshimiwa.

Mfano wa aya ya hoja ya 5: "Kijijini kwetu kiwanja huanza kwa magoli mawili ya miti na ruhusa ya mdomo. Mzee aliyetoa ruhusa akifariki, mjukuu wake huja na mbegu za mahindi. Timu iliyocheza hapo miaka 15 haina karatasi ya kumwonyesha, na chifu hawezi kuamua kwa kumbukumbu za mabao. Hivyo basi, kabla ya kuomba jezi, vijana waombe mpima ardhi."

16. Taja makosa manne yanayopoteza alama katika mada hii. (alama 4)

Jibu:
(a) Kusema Gor Mahia "ina" uga wa City. Iliutumia, haikuumiliki.
(b) Kuweka fainali ya mwaka 1987 Nyayo. Ilikuwa Kasarani.
(c) Kujaza aya kwa "waama, wahenga hawakukosea waliponena". Methali moja iliyokaa mahali pake huzidi nne zilizorundikwa, na mtahini amezisoma zote tangu asubuhi.
(d) Kuilaumu serikali tangu mwanzo hadi mwisho bila kutaja wajibu wa klabu, shirikisho na mashabiki wanaoruka ukuta.

MASWALI YA KUJIPIMA

(i) Eleza tofauti kati ya kusajili, kukodi na kumiliki uwanja, ukitoa mfano mmoja kwa kila neno. (alama 6)
(ii) "Uga wa taifa ni wa wote, kwa hiyo si wa yeyote." Jadili ukirejelea matukio ya 2010 na 2024. (alama 10)
(iii) Wewe ni katibu wa timu ya kijiji kando ya Tana. Andika kumbukumbu za mkutano wa wachezaji, wakulima na wafugaji kuhusu kutenga kiwanja. Onyesha nani alipinga, kwa sababu gani, na mliafikiana nini kuhusu njia ya mifugo. (alama 20)
(iv) Chora ramani ya eneo lenu. Tia alama mahali maji yalipofika mwaka 2023, malka zilizo karibu, barabara, na kiwanja mnachochezea sasa. Kisha andika sentensi tatu: je, kiwanja hicho kibaki kilipo? (alama 6)